Jina Linalobaki: Semafori Zenye Majina na Nidhamu ya Michakato katika Lugha ya C

Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi, wahadhiri na wataalamu wa kompyuta



Nawashukuru waandaaji kwa kutenga saa nzima kwa jambo ambalo kwa kawaida huachiwa dakika za mwisho za kozi ya mifumo endeshi, wanafunzi wakiwa wameshaanza kufunga mabegi. Nimekuja kueleza jinsi programu za lugha ya C ambazo hazijuani zinavyoweza kusubiriana kwa kutumia semafori yenye jina. Pamoja na maelezo hayo nina hoja ya kutetea. Kuita sem_wait na sem_post mtu hujifunza mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kujibu maswali matatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza: nani anaiunda semafori, nani anaifuta, na itakuwaje mchakato ukifa ukiwa umeishika. Asiyeyajibu mapema atayajibu usiku wa manane, simu ikiita kwamba mfumo umeganda.

Nitapanga maelezo yangu katika hoja tano. Wageni wa fani hii msiogope. Msimbo wenyewe ni mistari michache, nami nitaupitia polepole.

1. Hatari imo katika pengo kati ya kusoma na kuandika

Tuchukue ofisi yenye madirisha mawili ya malipo. Kila dirisha lina programu yake, na zote mbili huchukua namba ya risiti katika faili moja. Ndani ya faili mna namba moja tu, 4127, yaani risiti ya mwisho iliyotolewa. Programu husoma namba, huongeza moja, huandika namba mpya, kisha huchapa risiti. Ukilijaribu kila dirisha peke yake hutaona kasoro yoyote.

Sasa wateja wawili wanalipa kwa wakati mmoja. Mchakato wa dirisha la kwanza, yaani programu yake ikiwa inaendeshwa, unasoma 4127. Kabla haujaandika, mfumo endeshi unausimamisha na kuupa mchakato wa pili zamu ya kutumia prosesa. Huu wa pili nao unasoma 4127, unaandika 4128, unachapa risiti. Wa kwanza unapoamshwa hauna habari ya yaliyopita. Namba uliyo nayo bado ni 4127. Unaongeza moja, unaandika 4128, unachapa. Wateja wawili wameondoka na risiti za namba moja, na siku ya ukaguzi wa hesabu atakayeulizwa ni keshia.

Wapo watakaosema pengo hilo ni dogo mno, halifiki hata milisekunde. Ni kweli, na ndiyo maana kasoro hii haikamatwi maabara, ambako mtu mmoja anabonyeza kitufe kimoja. Hujitokeza mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Tena kwa kompyuta za leo zenye prosesa nyingi, hakuna hata haja ya mchakato mmoja kusimamishwa: yote miwili inasoma kwa wakati uleule. Na msidhani ni tatizo la mafaili peke yake. Hata hesabu++ juu ya kumbukumbu ya pamoja, inayoonekana kama tendo moja, kwa kawaida ni matendo matatu: kupakia, kuongeza, kurudisha.

Sehemu ya programu ambayo haitakiwi kuingiwa na wawili kwa pamoja tuiite sehemu nyeti. Kwetu hapa inaanza pale namba inaposomwa na kuishia pale namba mpya inapokuwa imeandikwa. Kuchapa risiti kuko nje yake. Hilo mlishike, kwa sababu printa ni polepole, na anayeingiza printa ndani ya sehemu nyeti anawasubirisha wateja wa madirisha yote bila sababu.

2. Semafori ni namba ambayo tendo lake halikatiki katikati

Wazo hili ni la Mholanzi Edsger Dijkstra, miaka ya mwanzo ya 1960. Alilieleza kwa kirefu mwaka 1965 katika maandishi yake yaitwayo *Cooperating Sequential Processes*. Yeye na wenzake katika chuo cha teknolojia cha Eindhoven walilitumia kujenga mfumo endeshi ulioitwa THE, uliofanya kazi kwenye kompyuta ya Electrologica X8, na mwaka 1968 aliueleza mfumo huo katika jarida la *Communications of the ACM*. Jina la semafori lilitoka kwenye alama za reli. Aliyewahi kusafiri kwa reli yetu ya kati ya zamani, yenye njia moja, anajua jinsi treni inavyosimama stesheni mpaka ile inayotoka upande wa pili ipite. Hairuhusiwi kuingia kipande cha njia kwa kubahatisha kwamba hakuna mtu.

Semafori ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix) ni namba nzima isiyoshuka chini ya sifuri, yenye matendo mawili ya msingi. Tendo la sem_wait huangalia namba: ikiwa kubwa kuliko sifuri, huipunguza kwa moja na mchakato hupita, ikiwa sifuri, mchakato hulazwa mpaka namba ipande. Tendo la sem_post huongeza moja, na kama kuna aliyelala akisubiri, mmoja huamshwa.

Mnaweza kuuliza: kwa nini nisitumie namba ya kawaida, nikaiangalia mwenyewe kwa if? Kwa sababu mngekuwa mmerudi palepale pa risiti. Kati ya kuangalia na kupunguza kuna pengo, na mwingine ataingia humo. Thamani ya semafori ni kwamba kuangalia na kupunguza hufanyika kama tendo moja lisilokatika. Faida nyingine ni kwamba anayesubiri amelala kweli. Hazunguki kwenye kitanzi akiuliza "tayari? tayari?" huku akila prosesa.

Namba ya kuanzia ndiyo inayoamua kazi ya semafori. Ikianza na 1, ni lango la mtu mmoja. Ikianza na 4, inaruhusu wanne kwa pamoja. Kwa mfano, michakato minne ya kuandaa ripoti nzito na si zaidi. Ikianza na 0, ni mahali pa kusubiri habari: mmoja analala mpaka mwingine amwambie kazi imefika. Matumizi haya ya tatu nitayarudia, kwa sababu ndipo semafori inapong'aa.

3. Jina huwakutanisha wasiojuana

Kuna semafori isiyo na jina, inayoundwa kwa sem_init. Hiyo inatakiwa iwekwe katika kumbukumbu ambayo pande zote zinaiona. Kwa nyuzi (threads) za mchakato mmoja hakuna taabu. Hata kwa mzazi na mtoto waliotengana kwa fork inawezekana, mradi mzazi ameandaa kumbukumbu ya pamoja mapema. Lakini programu za madirisha yetu mawili ziliwashwa na watu tofauti, saa tofauti. Hazina mzazi aliyewahi kuziandalia chochote.

Unix ya System V ilizipa programu kama hizo semafori zinazotafutwa kwa ufunguo wa namba, kupitia semget. Zilifanya kazi, na bado zipo, lakini ni nzito kutumia. Nyongeza za POSIX za mwaka 1993 zilileta njia nyepesi: ipe semafori jina linaloanza na mkwaju (/), kama la faili, na yeyote anayelijua jina hilo na mwenye ruhusa ataifikia. Haya ndiyo niliyoyaandika ubaoni:

```
sem_t *s = sem_open("/risiti", O_CREAT, 0660, 1);
if (s == SEM_FAILED) {
    perror("sem_open");
    exit(1);
}

while (sem_wait(s) == -1) {
    if (errno != EINTR) {
        perror("sem_wait");
        exit(1);
    }
}

namba = soma_namba() + 1;
andika_namba(namba);

sem_post(s);
chapa_risiti(namba);
```

Tuusome. Mstari wa kwanza unasema: nipe semafori iitwayo /risiti, kama haipo, iunde, mwenyewe na kundi lake waruhusiwe kuitumia, na ianze na 1. Madirisha mawili yakiwashwa kwa mpigo, moja litaiunda na lingine litaikuta. Hapo hakuna pengo. Kitanzi cha while nacho kina sababu. Mchakato uliolala ndani ya sem_wait unaweza kuamshwa na ishara ya mfumo kabla zamu yake haijafika. Hapo sem_wait hurudi na -1 na sababu ni EINTR. Asiyeangalia jibu hilo ataingia sehemu nyeti bila ruhusa, akiamini ameruhusiwa, na namba za risiti zitajirudia kama zamani.

Hizo ruhusa za 0660 pia zina mtego wake. Mfumo huzipunguza kwa umask (kichujio cha ruhusa za vitu vipya), ambayo kwenye mashine nyingi ni 022. Zinazobaki ni 0640: kundi linaweza kusoma tu. Kuifungua semafori iliyopo kunahitaji ruhusa ya kusoma na ya kuandika, kwa hiyo keshia wa pili, aliyeingia kwa akaunti nyingine, atakataliwa ingawa msimbo unasema ameruhusiwa. Weka umask unayoitaka kabla ya kuunda.

Kwa wenye kompyuta za Apple, maana nawaona wachache hapa: kwenu sem_init haifanyi kazi na sem_timedwait haipo kabisa, lakini semafori zenye majina zipo. Majina yawe mafupi tu, herufi 31 ni kikomo. Linux inakubali hadi 251.

4. Jina hudumu kuliko aliyelitoa

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kigeu cha kawaida cha C hufa pamoja na mchakato wake. Semafori yenye jina haifi. Hubaki kwenye mfumo hadi ifutwe kwa sem_unlink au mashine izimwe. Tendo la sem_close halifuti kitu, linasema tu, "mimi nimemaliza kuitumia."

Kwenye Linux mnaweza kuiona kwa macho. Andikeni ls -l /dev/shm na mtakuta faili liitwalo sem.risiti. Kwenye mashine za biti 64 zilizo za kawaida, lina baiti 32. Programu zote zimefungwa, keshia wameenda nyumbani, na faili bado liko pale likiwa na namba yake.

Sasa tuseme jana jioni dirisha la pili liliuawa katikati ya sehemu nyeti. Namba ilikuwa 0 na imebaki 0. Leo asubuhi programu inawashwa upya na kuita mstari uleule wa sem_open wenye 1 mwishoni. Programu inadhani imeanza na 1. Sivyo. Semafori ikishakuwepo, ruhusa na namba ya kuanzia mlizoandika hupuuzwa bila onyo lolote. Programu inafika kwenye sem_wait, inakuta 0, inalala. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Fundi anaangalia msimbo, anaona 1, anaapa kwamba haiwezekani.

Akishagundua, dawa ya kwanza inayomjia ni kuweka sem_unlink mwanzoni mwa programu, ili kila inapowaka ianze na semafori safi. Jamani, dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Kufuta huondoa jina papo hapo, lakini semafori yenyewe huendelea kuishi kwa wale walioifungua tayari. Dirisha la kwanza limewaka saa mbili na linatumia semafori ya zamani. Dirisha la pili linawaka saa tatu, linafuta jina, linaunda semafori mpya yenye jina lilelile. Sasa kila mmoja ana lango lake, wote wanapita bila kusubiriana, na wote wanaamini wamelindwa. Mfumo ulioganda angalau hujulikana umeganda. Huu unatembea na kuharibu hesabu.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Awepo muundaji mmoja: programu ndogo inayoendeshwa mashine inapowaka, kabla ya huduma nyingine zote. Huyo atumie O_CREAT pamoja na O_EXCL, ili akikuta jina lipo apate kosa badala ya kulirithi kimyakimya. Madirisha yafungue kwa sem_open("/risiti", 0), bila haki ya kuunda. Semafori isipokuwepo yatakataa kuwaka na kueleza sababu. Na anayefuta awe ni huyohuyo aliyeunda, baada ya watumiaji wote kufungwa.

5. Semafori haimjui aliyeishika

Nimesema dirisha liliuawa likiwa ndani. Kwa nini mfumo endeshi haukurudisha ile moja iliyochukuliwa? Kwa sababu semafori haina kumbukumbu ya nani aliichukua. Ni namba. Mchakato ukifa kwa kill -9, yaani ukiuawa kwa nguvu, kiini cha mfumo endeshi hufunga mafaili yake na kurudisha kumbukumbu yake, lakini namba haiguswi. Kuna jambo la kushangaza kidogo kwetu tuliozoea mgao wa umeme: umeme ukikatika, /dev/shm hupotea pamoja na kumbukumbu yote, na mashine huamka bila semafori ya zamani. Ni pale mchakato mmoja unapokufa peke yake, mashine ikiendelea, ndipo tunapokwama.

Kuna zana nyingine zinazomjua mwenyewe. Kufuli la faili linalochukuliwa kwa flock huachiwa na kiini mwenye nalo anapokufa. Semafori za System V zina SEM_UNDO, inayoagiza mabadiliko yarudishwe mchakato ukiisha. Kufuli la nyuzi la POSIX linaweza kuwekwa katika kumbukumbu ya pamoja na kupewa sifa ya uimara. Anayefuata kulichukua huambiwa kwa EOWNERDEAD kwamba aliyelishika amekufa, akague data kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo, wale waliokuwa wakisubiri niwape semafori kama jibu la risiti zetu, niwaambie wazi: kwa kazi hiyo, faili moja kwenye mashine moja, flock ni chaguo bora. Nimeitumia semafori kuonyesha jinsi inavyofanya kazi na jinsi inavyoumiza. Mahali pake hasa ni kwingine.

Kutokuwa na mwenyewe, kunakoifanya iwe hatari kama lango, ndiko kunakoifanya ifae kupeleka habari. Kufuli huachiwa na aliyelifunga. Semafori huongezwa na yeyote. Chukueni mchakato unaopokea malipo na mwingine unaotuma ujumbe mfupi kwa mteja. Semafori /ujumbe inaanza na 0. Kila malipo yakishaandikwa kwenye hifadhi, wa kwanza anaita sem_post. Wa pili amelala kwenye sem_wait. Anaamka, anachukua rekodi moja, anatuma. Malipo matatu yakiingia huku mtumaji akiwa amezimwa kwa matengenezo, namba itafika 3 na kumsubiri. Yule aliyeongeza anaweza hata kufunga kazi na kuondoka. Hapa kudumu kwa jina, kulikotusumbua katika hoja ya nne, ni msaada mtupu.

Hata hapa pana tahadhari. Mtumaji akifa baada ya sem_wait na kabla ya kutuma, taarifa moja imepotea. Ndiyo maana anapoamka au kuwashwa asiiamini namba peke yake. Akague hifadhi na kutuma rekodi zote ambazo hazijatumwa. Semafori imwamshe, hifadhi imwambie la kufanya. Na kama mnashika semafori mbili kwa pamoja, programu zote zizichukue kwa mpangilio mmoja. Mmoja akianza na /a kisha /b, na mwingine /b kisha /a, ipo siku kila mmoja atakuwa ameshika anachokisubiri mwenzake, na hakuna atakayesogea. Palipo na wasiwasi, kwenye Linux tumieni sem_timedwait: muda mliouweka ukipita bila kupata nafasi, inarudi na ETIMEDOUT, na programu inaweza kulalamika badala ya kulala milele.

Tuelekee wapi

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda wangu unakwisha. Niseme machache kuhusu mbele.

La kwanza, semafori yenye jina huishi ndani ya mfumo endeshi mmoja. Ofisi yetu ikikua na madirisha yakagawanywa kwenye mashine mbili, kila mashine itakuwa na /risiti yake, na hazitaonana. Hata kwenye mashine moja, wanaoendesha huduma ndani ya makontena watakuta kila kontena lina /dev/shm yake, isipokuwa wameamua kuishirikisha. Uratibu wa mashine nyingi ni kazi ya hifadhidata na miamala yake, na anayejenga mfumo leo ajue mapema ni lini atavuka mpaka huo.

La pili ni kwa wahadhiri wenzangu. Mazoezi yetu hupima kama programu inatoa jibu sahihi ikiachwa iende hadi mwisho. Napendekeza tuanze kupima vifo. Mwanafunzi alete programu yake, nasi tuiue kwa kill -9 ikiwa ndani ya sehemu nyeti, kisha tuiwashe tena. Ikiganda, au ikitoa risiti mbili za namba moja, alama zipungue. Zoezi hilo halihitaji vifaa vipya wala bajeti. Kompyuta moja yenye Linux inatosha.

La tatu ni kwa vijana watakaoajiriwa kesho. Mtakabidhiwa mifumo iliyoandikwa na watu walioondoka zamani. Siku ya kwanza, kabla ya kugusa msimbo, fungueni /dev/shm mwone majina yaliyomo. Kwa kila jina tafuteni anayeliunda, anayelifuta, na yatakayotokea aliyeishika semafori hiyo akifa. Majibu yaandikeni juu ya faili la msimbo, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wenzenu wanayoisoma. Mkikuta jina lisilo na majibu, hapo ndipo pa kuanzia kazi yenu.